Jipi Iliyolala Sebuleni

Habari ilinifikia sokoni, kwa njia ambayo habari za misiba hunifikia siku hizi: dereva wa pikipiki alisimama mbele yangu bila kuzima injini, akasema, "Mzee, ule jirani yenu wa zamani, mwenye ile mutuka, amekufa leo asubuhi," kisha akaondoka na abiria wake. Kabla sijafika nyumbani kuvaa shati la msiba, nilikwisha kuulizwa njiani nani atalirithi gari. Hakuna aliyeniuliza amekufa kwa ugonjwa gani, wala mkewe yuko katika hali gani. Nilikasirika, na msomaji wangu wa siku zote anajua kwamba nikikasirika sinyamazi. Jina la marehemu sitaliandika, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwatajwa, na watu wa mtaa wetu wa Kindu wanajua nasema juu ya nani. Lakini kama kila mtu anataka habari za gari, basi leo nitazitoa habari za gari, zote, tuone kama mtaendelea kulitamani.

Marehemu na mimi hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa majirani wa uzio, watu wa kuazimana nyundo na kugombania kivuli. Zamani alikuwa dereva wa kampuni moja ya pamba. Kampuni ilipofunga na wakubwa wake wakaondoka, jipi aliyokuwa akiiendesha ikabaki kwake kwa sababu moja tu: hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuiwasha. Ilikuwa na tabia zake. Asubuhi ilitaka kubembelezwa, mvua ikinyesha ilinuna, na mlima ilipanda ikilalamika kama bibi harusi anayelazimishwa. Yeye aliielewa. Alimwoa mwanamke wa Obokote, huko Lubutu, na jipi hiyo ndiyo iliyomleta Kindu na mkungu wa ndizi aliopewa na mama yake. Siku ile, mkewe alimwahidi mama yake kwamba kila kiangazi wangerudi kumwona. Wakarudi mara chache, na halafu vita ikaingia.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye, niseme jambo moja. Wakati ule gari zima lilikuwa hatari nyumbani. Wenye bunduki wa upande huu walilichukua, na likiwaponyoka, wa upande ule walilichukua, na mara nyingine walimchukua dereva pamoja nalo. Watu walizika magurudumu shambani, wengine wakayatoboa magari yao wenyewe. Jirani yangu alifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Alilisukuma gari mpaka nyuma ya nyumba yake, akasimamisha miti kulizunguka, akafunga fito, akakandika udongo na kuezeka majani. Baada ya muda mfupi nyumba yake ilikuwa na chumba kipya kisichokuwa na mlango wa nje, wakakifanya sebule, na ndani ya chumba hicho ilikuwamo jipi nzima, magurudumu yake yakiwa yamefichwa kwa mafungu ya kuni. Mkewe alitandika mikeka juu ya kifuniko cha injini na godoro juu ya mikeka. Ukiingia kutoka juani, ulidhani umeona kitanda kirefu cha ajabu chenye nguo zilizoanikwa upande wa kichwani kuficha kioo.

Nilikuwapo siku askari mmoja alipokuja kuitafuta. Alikuwa amechoka na amekonda, kwa maana njaa ya Kindu wakati ule haikuchagua mwenye bunduki na asiye nayo. Mama wa nyumba alimkaribisha ndani, akamwonyesha lile godoro, akamwambia, "Ikala pale, mutoto yangu, upumzike." Askari akaketi juu ya injini. Akaletewa sombe ya majani ya mihogo na wali kidogo, chakula ambacho mimi jirani sikuwa nimekiona kwa siku nyingi. Alipokwisha kula akajifuta mdomo na kuuliza, "Mama, ile jipi ya bwana yako iko wapi?" Naye akamjibu akiokota sahani, "Wenzenu walikuja kuikamata. Wakati mutaikuta, muturudishie." Askari akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Jirani yangu alikuwa amesimama pembeni, hawezi hata kukohoa. Mimi nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, lakini kwanza nilihakikisha yule kijana amefika mbali.

Amani ilipokuja haikuja na ngoma. Tuliijua kwa samaki: wauzaji wa Lokandu walianza kuonekana tena bandarini na vikapu vyao. Wafanyabiashara wa baiskeli wakafungua njia za msituni, na mmoja wao, aliyetoka Lubutu, akaleta neno kwa mke wa jirani yangu. Mama yake yu hai. Wanawe wengine wametawanyika, yeye amebaki peke yake Obokote, macho yanaanza kufifia, na kila mpita njia anamwuliza kama binti yake bado anaishi. Baiskeli haingeweza kumbeba mzee wa umri ule safari yote ile. Palihitajika gari, na gari lilikuwa sebuleni.

Hapo ndipo matengenezo yalipoanza, humo humo ndani. Kile cha kuziba kati ya vyuma vya injini alikikata katika katoni, akakilowesha mafuta. Vyuma bapa vya springi vilivyopasuka alivifunga kwa vipande vya mpira wa gurudumu, akavikaza kwa meno. Rejeta ilipovuja alitia ute wa yai, na mkewe akapiga kelele kwamba kuku wake hawakutaga kwa ajili ya chuma. Kwenye breki alitia maji ya sabuni. Siku aliyoiwasha kwa mara ya kwanza moshi ulijaa nyumba nzima, sote tukatoka mbio tukilia machozi, na yeye alikuwa akilia kweli. Gari lilikuwa zima. Nilimwuliza ukuta ataubomoa lini. Akasema, "Ni bado springi." Springi zikapona, akasema ni bado breki. Breki zikashika, akaona kasoro kwenye usukani ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Kila asubuhi alikuwa chini ya gari lake, analifungua na kulifunga, na mkewe anazunguka na ufagio miguu ya mumewe ikiwa imetokeza katikati ya sebule.

Nilidhani ni ukamilifu wa fundi. Sasa najua ulikuwa woga, na sisemi hivyo kwa kumcheka. Vita ilitufundisha kuficha, na kuficha kulituokoa. Ni vigumu kuacha kitu kilichokuokoa. Mpaka leo namjua mwenye duka ambaye bidhaa zake nzuri ziko chini ya kitanda na mbovu ndizo ziko mezani, halafu anashangaa wateja hawamjii. Namjua mwalimu mwenye kicheko kizuri ambaye bado anacheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu aliishi miaka kadhaa katika nyumba ambamo sauti haikutakiwa kusikika. Mji wetu umejaa taa na pikipiki na vijana wenye simu mbili mbili, lakini ukigonga ukuta kwa kidole, nyumba nyingi zitakujibu kwamba kuna kitu ndani.

Ugomvi wao niliusikia kupitia uzio, na jirani aliyesema hakuusikia ni mwongo. Ilikuwa asubuhi, mke amekwisha kufagia. Akasema, "Ile mutuka unaitengeneza ama unaichunga?" Mume akajibu polepole, "Nikiitoa inje, kesho itakuwa ya nani?" Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitazamia, ya jembe likiingia katika udongo mkavu. Mke alikuwa anaubomoa ukuta yeye mwenyewe. Alibomoa bila matusi na bila kilio, kama anayelima shamba lake, na kila alipotua kupumua alisema neno moja: "Mama." Wanawake wa jirani walikuja na majembe yao bila kuitwa. Mume alisimama kando akiwa ameshika bisibisi. Mwanga ulipoingia, tuliona jipi jinsi ilivyozeeka gizani, kutu imekula milango, na buibui wamejenga katika taa. Mume akaitia bisibisi mfukoni. Halafu akaingia, akaliwasha, akalitoa uani kupitia lile tundu, kuku wakikimbia huku na huku.

Alinichukua safarini kwa ajili ya mabega yangu, na hakunificha hilo. "We utasukuma," akaniambia. Lakini siku ya kuondoka nilimkuta anafanya jambo lililonishangaza: anafungua skurubu za kioo kile cha ndani kinachomwonyesha dereva yaliyo nyuma. Vya pembeni vilikwisha kuvunjika zamani. Kisha akatundika kitenge cha mkewe nyuma ya kiti chake, toka juu mpaka chini. Nilisahau kwamba wakwe zake ni watu wa kushika mambo ya wazee. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hapo hakuna chuki hata kidogo, ni heshima kuliko zote. Nikamwambia anafanya wazimu, njia ya Lubutu haina huruma, atajuaje kilichoko nyuma? Akaweka skurubu mfukoni. "Kule nyuma," akasema, "mi najua kutakuwa nani."

Tulivuka mto Lualaba kwa kivuko mpaka Alunguli, tukashika msitu. Sitasimulia madaraja, maana mengine hayakuwapo. Nilisukuma, nikala tope, nikajuta kuzaliwa na mabega. Obokote tulifika mchana, na watoto walioona gari walikimbia kujificha, kwa sababu gari la mwisho kufika pale halikuleta wageni wema. Mama yule alikuwa ameketi mlangoni kwake akimenya mihogo. Binti yake aliruka kabla gari halijasimama. Sikuweza kutazama jinsi walivyokumbatiana, niliangalia magurudumu. Jirani yangu naye alibaki nyuma ya gari, akageuza uso msituni, akapiga magoti kwenye vumbi na kusalimu kwa sauti, "Mama, nimekuja." Mama akajibu akitazama mihogo yake, "Karibu, mukwe."

Tukiwa njiani kurudi tulikwama mlimani, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Jirani yangu alihangaika, akatukana injini, akaomba msamaha kwa kutukana mbele ya mkwe, akachimba tope kwa mikono. Alikuwa amechelewa miezi mingi kwa hofu yake, na sasa aliona kama kila dakika ni deni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kitenge, ikimwambia binti lakini ikikusudiwa kwetu sote: "Ambia ule muntu atulie. Mi sina haraka tena." Jirani yangu aliketi palepale kwenye tope akacheka, kisha akainuka, na gari, kwa ukaidi wake wa kawaida, likatoka.

Chumba cha gari kikawa chumba cha mama mkwe. Ukuta uliobomolewa ulikandikwa upya, safari hii ukiwekwa mlango na dirisha linalotazama upande wa pili wa ua, ili wasikutane. Waliishi hivyo miaka yote hii. Mkwe alipopita alikohoa kwanza, na mama alijifunika khanga. Kuni za mama hazikukosa mlangoni hata siku moja, maji vilevile, na aliyeyaleta alikuwa amekwisha kuondoka mlango ulipofunguliwa. Jipi ilisimama nje, chini ya mvua na jua, wazi kwa kila mtu. Iliwapeleka wajawazito hospitali, ikabeba wali wa harusi na mbao za majeneza. Hakuna aliyeiiba. Nadhani hilo lilimshangaza mpaka mwisho.

Kwenye msiba nilimkuta marehemu amelazwa kitandani uani chini ya turubai, kitambaa cheupe usoni. Wimbo ulikuwa unaendelea uliponyamaza ghafla upande wa wanawake. Mama mkwe alikuwa amesimama. Sasa ni mzee sana, huona vya karibu tu, na binti yake alimshika mkono. Mwanamume mmoja wa ukoo wake alinong'ona kwamba haifai. Mama hakumjibu. Alifika kitandani, akasema, "Mutoe ile kitambaa." Wakakitoa. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia uso wa mkwe wake, akapapasa mvi za kidevu kwa vidole, akapapasa mikunjo ya paji. Kisha akasema taratibu, kama anayemwonea huruma, "Kumbe na we ulizeeka, mutoto yangu."

Nililia, na sioni haya kuandika. Nilimpenda mtu yule miaka yote huku nikidhani nalipenda gari lake tu. Sisemi desturi ivunjwe. Imewapa wawili wale miaka mingi ya adabu ambayo nyumba nyingi za kisasa, zenye kukaa meza moja na kutukanana, hazijaionja. Lakini woga na heshima vyote viwili huficha, na siku hizi siwezi tena kusema kwa hakika kipi ni kipi katika nyumba yangu mwenyewe. Wewe msomaji mwenye mkwe hai, au baba usiyethubutu kumtazama, au jirani mnayeongea naye kupitia uzio, shika adabu yako, kohoa kabla ya kupita. Ila mara moja, hata kwa jicho la kuibia, mtazame usoni, ujue amezeeka kiasi gani.