Nilipomgeuzia Mbwa Wangu Mgongo

Mbwa wangu alimng'ata jirani siku ya Jumatano, mchana kweupe. Jirani alikuja kuchukua gauni lake. Alibisha hodi, nikawa siitiki, basi akaingia na kunishika bega kwa nyuma. Mimi, niliyekuwa nimeketi kwenye cherehani, niliruka nikapiga ukelele. Mbwa alikuwa uani. Alipofika akamkuta mtu amenishika, akamuuma mkono.

Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa sisikii vizuri. Masikio yalianza kuziba mwaka wa pili baada ya kumzika mume wangu, nami nilificha, kwa sababu nani atampa kitambaa fundi asiyemsikia? Nilijifunza kutazama midomo ya watu. Mlango nilimwachia mbwa. Mtu akibisha, alikuja kunigusa goti kwa pua, nami nikageuka na kusema "karibu" kama watu wengine.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kesho yake.

"Mama, amechanjwa, sawa. Lakini mbwa mkali hatuwezi kumwacha katikati ya watu. Jumatatu watakuja kumchukua wamuue."

"Si mkali, Mwenyekiti. Anatii kuliko mtoto."

"Nani atathibitisha?"

Ijumaa nilikwenda sokoni kununua uzi, nikaona tangazo limebandikwa ukutani: Jumamosi, uwanja wa shule, mashindano ya utii wa mbwa, wa aina yoyote, hata chotara na wa kienyeji. Mwamuzi alikuwa daktari wa mifugo. Nililisoma mara mbili nikaondoka bila uzi.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilimwogesha mbwa, nikamfunga kipande cha kitenge shingoni, tukashuka kwa miguu. Wangu ni mwekundu, amekonda, sikio moja limekatika. Wengine walileta chotara wa mbwa wa polisi, wana vifua kama milango. Watu walijaa pembeni. Nilimwona jirani yangu miongoni mwao, mkono umefungwa bandeji.

Kutembea bila kamba tulifaulu. Kuja akiitwa tulifaulu. Jaribio la mwisho ndilo lilikuwa la kukaa, wote kwa pamoja. Mwenye mbwa anamwambia mbwa wake akae, anatembea hatua ishirini, anasimama akiwa amempa mgongo mpaka filimbi ilie. Ikilia, anageuka na kumwita.

"Tama!" nilimwambia, kwa Kingoni, kama alivyozoea. Akakaa. Nikatembea nikihesabu hatua zangu.

Nilisimama nikitazama ukuta wa darasa. Nilidhani filimbi nitaisikia. Filimbi ni kitu kikali, nilijiambia, hata mimi itanifikia. Nikangoja. Jasho likanitiririka mgongoni. Niliomba Salamu Maria nikamaliza, nikaanza nyingine. Sikuthubutu kugeuka; ukigeuka kabla ya filimbi umeshindwa, na nikishindwa, Jumatatu inakuja.

Nikahisi mkono begani. Alikuwa daktari, kijana, amekuja mbele yangu, midomo yake ikienda haraka.

"Mama, shikamoo. Filimbi imelia zamani. Nimekuita mara tatu. Hukusikia?"

Nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa mtupu. Wenzangu walikwishawaita mbwa wao na kuondoka, watu pembeni wakicheka wameshika mbavu, na katikati ya ule uwanja mbwa wangu alikuwa bado amekaa, ananitazama.

"Sisikii," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. "Sisikii, Daktari. Yeye ndiye anayenisikilizia. Mwambie Mwenyekiti wa mtaa wetu wasimuue."

Nililia pale pale, mzee mzima. Sheria ni sheria. Tuliandikwa wa mwisho. Jirani alinifuata getini, akasimama mbele yangu ili nimwone midomo.

"Kumbe ndiyo maana. Ungeniambia, dada."

"Nisamehe. Utamwombea kwa Mwenyekiti?"

Alitazama bandeji yake. "Nimemwona alivyokaa. Lakini kila nikipita kwako nitatetemeka. Siwezi kusema uongo."

Jumatatu daktari alikuja na kumtetea. Mwenyekiti alisikiliza, akakubali nusu: asiuawe, ila asibaki mtaani. Siku hiyo hiyo nilikodi bajaji, nikampeleka kijijini Mpitimbi kwa mdogo wangu, mwenye shamba pana na majirani wa mbali. Nilirudi peke yangu.

Habari za masikio yangu zilifika mjini kabla yangu. Shule iliyokuwa ikinipa sare za kushona imempa fundi mwingine. Wachache waliobaki wanabisha, wanangoja, wanaondoka. Nimehamisha cherehani ili nitazamane na mlango, lakini huko mwanga haufiki vizuri. Wiki hii nimefumua kola moja mara tatu, na bado imepinda.