Mguu wa Kalunguyeye

Niliondoka mtaani Mwanga asubuhi nikiwa na ndoo mkononi, sijui ninakwenda wapi. Ndani ya ndoo alikuwamo kalunguyeye wangu, na kalunguyeye wangu alikuwa anatembea kwa miguu mitatu.

Wa nne nilikuwa nimeuona mara moja tu, alipokuwa anavuka sakafu kwenda kwenye kisahani cha maji. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Aliuinua kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na unyayo ulikuwa umevimba, una rangi ya zambarau iliyoiva. Niliponyoosha mkono akajikunja. Asiyewahi kufuga kalunguyeye hajui maana ya neno hilo. Hakuna kichwa tena, hakuna tumbo, hakuna mguu. Kuna mpira wa miiba unaokukoromea. Ukingoja, anafunguka kidogo, pua inachungulia. Ukisogea, anafunga duka. Nilihangaika naye mpaka vidole vikatoka damu, na ule mguu sikuuona tena. Lakini rangi ile sikuweza kuisahau. Kitu chenye rangi ile kikiachwa hivyohivyo, kinaoza.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimebeba mizigo bandarini, nimeanika dagaa Bangwe, nimesukuma madumu ya mawese Ujiji. Kwa wakati huo nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mafundi cherehani, karibu na soko. Kalunguyeye nilipewa na dereva wa lori aliyemwokota njiani, akachoka kuchomwa. Nilimpokea kwa sababu nilitaka kujua anakula nini.

Magonjwa yake niliyajua kwa kukosea. Nilimpa maziwa, akaharisha. Nikaacha maziwa, akapona. Ngozi ikakauka, ikawa inadondosha unga mweupe, na miiba ikaanza kutoka mmoja mmoja. Muuza dawa za mifugo pale sokoni aliniambia niuweke ule unga juu ya kitambaa cheusi, nitazame kama unatembea. Ulitembea. Ulikuwa utitiri, na kwa dawa aliyonipimia uliisha. Kisha kucha zikarefuka hadi zikajipinda, maana sakafu ya saruji si porini. Nikanunua mkasi mdogo, nikawa namkata moja leo, nyingine siku atakayokubali. Ndiyo maana asubuhi ile nilijiambia: ni kucha, imeingia nyamani.

Nilipopita mbele ya cherehani, mafundi walikuwa wameshaanza kazi.

“Kaka, mboga hiyo unaipeleka wapi?” aliuliza mmoja.

“Anaumwa mguu.”

“Kwani ana miguu?”

Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Aliyecheka zaidi ni mama mmoja mshonaji wa sare za shule, ambaye ndiye aliyempenda mnyama wangu kuliko wote. Kila wiki alimkusanyia mabaki ya vitambaa nimtandikie kwenye boksi lake.

“Usirudi bila yeye,” aliniambia, akifuta machozi ya kicheko.

Kwa muuza dawa niliambiwa bwana mifugo hayupo, amepanda milimani, Kalinzi, kuchanja kuku. Kalinzi nilikuwa sijawahi kufika. Kwangu hiyo peke yake ni nusu ya sababu ya kwenda mahali, na nusu nyingine ilikuwa ndani ya ndoo. Nikasimamisha bodaboda.

“Humo mna nini, mzee?” kijana aliuliza.

“Kalunguyeye.”

“Abiria wa miiba huyo analipa nauli yake. Tena akae nyuma yako, asikae nyuma yangu.”

Barabara ilipanda, na hewa ikabadilika. Mvua ilitukuta kwenye migomba. Kwenye kona moja tairi la nyuma likateleza, tukalala chini taratibu, wote watatu. Mimi na dereva tuliinuka salama. Ndoo ilifunguka, na mpira wangu wa miiba ukabingirika hadi kwenye mtaro wa tope jekundu. Nilimfuata humo kwa magoti. Dereva alisimama juu yangu, ananyeshewa.

“Mzee, tumwache tu. Si yuko kwao?”

“Hana mguu wa kumfikisha kwao,” nilisema, nikamrudisha kwenye ndoo.

Kalinzi tuliambiwa bwana mifugo alishamaliza, amevuka bonde kwenda upande wa pili, na hatarudi kabla ya kesho. Dereva aligeuza pikipiki, akanipungia mkono. Nikabaki barabarani na ndoo. Baridi ya huko ilikuwa ya kweli, na mnyama huyu akipoa sana hukakamaa, hali, hanywi, mwisho haamki. Nikaamua mambo mawili: apate joto, na mguu niuone leo, bwana mifugo awepo asiwepo.

Nilielekezwa nyumba ya bati katikati ya mibuni, yenye vyumba vichache vya wageni. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo. Alinipokea kwa kupiga makofi taratibu, goti limekunjwa kidogo, kama wanavyosalimiana huko. Mimi sikuweza kuyajibu makofi yake, mikono ilikuwa imekumbatia ndoo.

“Shikamoo, mama. Natafuta chumba.”

“Marahaba, mwanangu. Chumba kipo. Na hicho?”

Nikamwonyesha. Alitazama lile donge la tope.

“Kitu kama hicho kinaingia kwangu kikiwa hivyo? Hapana. Mwogeshe kwanza.”

“Maji ya baridi yatamuua.”

“Nani kasema ya baridi? Jiko si linawaka?”

Alileta beseni, akachanganya maji ya moto na ya mtungini, akajaribu kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto. Yalikuwa machache, hayafiki hata nusu ya mnyama. Nilimweka humo akiwa amejifunga kabisa. Tope likaanza kuyeyuka. Kisha kitu nilichokipigania tangu asubuhi kikatokea chenyewe: vuguvugu lilipomfikia tumboni, alifunguka. Pua ikatoka, mikono ikatoka, akaanza kupiga maji, miguu yote minne imenyooka nyuma kama ya chura.

“Kumbe mzuri!” mama alisema.

Nilikuwa nimeinama, shavu karibu liguse maji. Haikuwa kucha. Juu kidogo ya unyayo palikuwa na mstari mwembamba uliozama kwenye ngozi, na kando yake ncha ndogo ya bluu. Uzi. Uzi wa sare za shule, uliochomoka kwenye vile vitambaa alivyotandikiwa kwa mapenzi, ukamzunguka mguu kila alipojigeuza usingizini, ukakaza.

“Mama, mshike hapa chini. Asijikunje.”

“Atanichoma.”

“Atakuchoma.”

Alivua mtandio, akaukunja, akamwinua kwa viganja viwili huku miguu bado inaning'inia majini. Nikatoa mfukoni ule mkasi mdogo wa kucha. Mara ya kwanza nilikosa. Mara ya pili ncha ilipita chini ya uzi, nikasikia umelegea. Nikauvuta polepole, mzunguko mmoja, mwingine, mwingine. Damu kidogo ilitoka, nyekundu, ikaingia kwenye maji. Sikuwahi kufurahia damu kama siku ile: palipo na damu nyekundu, mguu haujafa.

Tulimkausha karibu na jiko. Mama alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi ambayo aliyaonja kwanza yasizidi, akasema kioshwe hivyo asubuhi na jioni, na bwana mifugo akirudi akitazame. Kisha akanifungulia chumba cha mwisho: kitanda, blanketi zito, dirisha linalotazama mibuni.

“Unakaa mpaka lini?” aliuliza.

Swali hilo huwa linanikimbiza. Nilimtua kalunguyeye sakafuni. Alitembea hatua chache, mguu bado juu.

“Mpaka atakapoukanyagia,” nilisema.

“Haya. Choo kiko nyuma. Na kuku wangu analala jikoni, huyo wako asimguse.”

Nikavua viatu, nikaviweka chini ya kitanda.