Fundi Anayeamkia Magari

Siku hizi vijana humpita mwalimu wao bila shikamoo, lakini fundi wetu wa Viwanja Sitini haingii chini ya gari lililomzidi umri kabla ya kuliamkia. Boljointi zilizolika, vile viungo vya magurudumu ya mbele, huzitia nailoni aliyoichonga mwenyewe, kisha huzipaka grisi taratibu kwa vidole, kama anayemkanda bibi magoti. Jumamosi Mzee Damiani alifika akitokwa jasho: usukani wa Pijo yake ulikuwa unacheza, na binti yake alikuwa anasubiriwa kanisani Mchombe kufunga ndoa.

"Mwamkie kwanza, mzee. Amekuzidi mwaka mmoja."

"Niamkie chuma?"

"Basi bibi harusi atembee."

Mzee akavua kofia, akainamia taa. "Shikamoo."

Fundi, aliyekwisha kujilaza chini ya gari, akaitikia kwa sauti nzito: "Marahaba, mwanangu."