Mwalimu Aliyesimamisha Harusi kwa Neno Moja

Habari za kifo cha Mwalimu zilinikuta sokoni Zombe nikichagua ndengu. Nilizirudisha guniani, nikasimama tu pale kama mjinga. Alitufundisha Kiingereza kule Kanyangi, na alipostaafu akawa mkalimani wa kanisa kila alipokuja mhubiri mgeni. Alikuwa mbishi, mtani, na maneno aliyapenda kupita kiasi. Nami nilimpenda sana.

Kuna harusi moja kule Tulia ambayo siwezi kuisahau. Mchungaji mgeni alisoma kiapo kutoka kitabu cha zamani, akafika mahali bwana harusi anapompa bibi harusi troth yake. Mwalimu akasimamisha tafsiri. Kisha, pilau ikipoa huko nje, akaanza darasa! Alisema hilo ni neno kuukuu la Kiingereza lenye maana ya uaminifu. Limezaliwa tumbo moja na neno lao la ukweli, kwa kuwa hapo kale mtu wa kweli alikuwa yule asiyekuacha, na wapo wataalamu wanaolihusisha hata na neno lao la mti, kwa uimara wake. Mjomba wa bibi harusi, ambaye kama Mkamba yeyote alijua hakuna ndoa bila mbuzi wa ntheo kupelekwa kwa wazazi wa msichana, akapaza sauti: “Sasa Mwalimu, hiyo troth ni mbuzi wangapi?”

“Hakuna mbuzi, mzee. Ukitoa troth, mbuzi ni wewe mwenyewe!”

Kanisa zima lilivunjika mbavu. Lakini miaka ikapita, mke wa Mwalimu akapigwa na kiharusi, akapooza miguu na mkono mmoja, akapoteza na usemi. Ndugu za Mwalimu wakaja na ushauri wao: aoe mwingine wa kumpikia, huyu arudishwe kwao Makueni atunzwe na dada zake. Nilikuwapo siku hiyo. “Akipelekwa Makueni, na mimi nipelekeni,” aliwaambia. “Mlinisikia nikiapa, ama mlikuja kula wali tu?” Wakaondoka wamenuna. Tangu hapo alimwogesha mwenyewe, akamsuka nywele, mistari ikienda kombo vibaya sana, na kila asubuhi akamsomea gazeti huku akibishana naye na kujijibu.

Siku hizi tunaapa ovyo jamani, viongozi wetu na sisi pia, na picha zikishapigwa tumesahau. Jumamosi tulimzika Mwalimu. Tulipokwisha kutupia udongo, tulirudi hemani kama ilivyo kawaida, tukawaachia vijana kazi ya koleo. Akina mama wakaenda kukisukuma kiti cha magurudumu cha mkewe, kilichobaki kando ya kaburi: “Mwaitu, mama yetu, jua ni kali, twende kivulini.” Mjane akalikamata gurudumu kwa mkono wake mmoja mzima, hakuliachia. Mmoja mmoja tukainuka vitini, tukarudi kusimama naye mpaka kaburi likajaa. Ndugu msomaji, kabla hujaapa mbele za watu, jiulize kama utaweza kukaa pale juani.