Shemeji Yangu na Sauti ya Juu

Oreste, kaka wa mke wangu, alikuwa akitia chumvi mapaja ya nguruwe hapa Parma, Italia, kabla hajawa mwimbaji wa opera. Siku ya kwanza kuimba katika ukumbi wa mji wetu, alituhonga paja zima sisi wa viti vya juu, mabingwa wa kuzomea waimbaji. Tukala, tukafuta midomo. Alipofika kwenye ile sauti ya juu kabisa ya wimbo, ikamkwama kooni.

Nikampigia kelele kutoka kule juu, "Shemeji, rudi buchani. Nyama yako inaimba kukushinda."

Akanikazia macho, akairudia kwa hasira. Ikapanda, ikakaa huko huko. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia.

Siku hizi akialikwa popote hunitumia tiketi ya treni.

"Njoo unitukane, shemeji. Bila wewe haipandi."

Halafu watu wanampigia makofi yeye.