Tumbaku Tuliyoivundika Ruwi

Tumbaku ya bibi yangu iliisha siku ya tisa baada ya sisi kufika Maskati. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu ndiyo aliyoacha kuzungumza.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, mimi na yeye, wawili tu. Baba yangu alikuwa keshafariki zamani. Mama alivuka kwenda Dar es Salaam na wadogo zangu. Mimi, msichana wa miaka kumi na minane niliyemaliza skuli, nikapewa kazi ya kumfikisha bibi kwa mwanawe mkubwa, ami yangu. Babu alikuwa mtu wa Omani, na huyo ami alipelekwa huko kusoma kwa jamaa zake akiwa na miaka tisa. Akabaki, akaoa, akaota mvi. Yeye na mamaye walikuwa hawajaonana kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ami alitupokea vizuri, sina la kumlaumu. Nyumba yake ilikuwa Ruwi, ambapo wakati ule palikuwa kijiji tu nyuma ya milima ya Matrah: visima, mitende, kuta za udongo. Alitupa chumba chenye upepo na akamnunulia bibi godoro jipya. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kile cha mtoto wa miaka tisa, na Kiarabu cha bibi kilikuwa cha kusalia. Wakikaa pamoja waliulizana hali mara tatu, mara nne, kisha kila mtu akatazama upande wake.

Bibi alikuwa mtu wa kusini ya Unguja na mla tambuu. Jani, popoo, chokaa, na kipande cha tumbaku juu yake. Kwao alikuwa akiilima tumbaku mwenyewe nyuma ya nyumba na kuivundika mwenyewe, kuipanga rundo na kuifunika mpaka ipate joto na kuiva, na watu walikuwa wakitoka mjini kuifuata. Ile aliyokuja nayo ilipoisha, nilimnunulia ya soko la Matrah. Aliitia mdomoni, akaitafuna mara mbili, akaitema.

"Hii imechomwa na jua," alisema. "Haikuvundikwa."

Basi. Akakunja mkeka wake wa kulia tambuu, akauegemeza ukutani, na tangu siku hiyo akawa anajibu kwa kichwa tu. Wiki ya kwanza nilidhani ni hasira. Wiki ya pili niliona ni kitu kingine. Alikuwa ameacha nyumba, makaburi ya watu wake na mashoga zake wote, na hakulia kwa hayo hata siku moja. Sasa amekosa kitu kidogo kama ukucha, na kimemmaliza.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane aliyetoka Batina, pwani ya kaskazini, mwanamke mwenye sauti kubwa na kisima chake mwenyewe. Nilipomweleza, kwa Kiarabu changu cha kubabaisha, alicheka mpaka akakaa chini.

"Tumbaku? Kwetu Batina tumbaku inalimwa kama kitunguu. Mbegu ntakupa. Na pembe moja ya bustani yangu ntakupa. Lakini kuvundika sijui mimi, kwetu wanaianika tu."

"Bibi anajua," nilisema. Nilikuwa na hakika kabisa, kama mtu anavyokuwa na hakika na jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Ilibidi ami aambiwe. Nilimwambia mbele ya bibi, baada ya kahawa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusali sana, na kwake tumbaku ilikuwa haramu, ya kuvuta na ya kutafuna.

"Mama," alisema, "hiyo ni haramu."

Bibi alifungua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kwako."

"Kwangu na kwa kila mtu."

"Mwanangu, sikuja hapa kukufundisha dini, wala sikuja kufundishwa. Mimi nna miaka sabini. Nimekula tambuu siku niliyokuzaa, na siku niliyokupeleka bandarini nilikuwa naitafuna, la sivyo ningepiga kelele mbele za watu."

Ami aliinamisha kichwa. Akasema polepole, akitafuta maneno, "Siwezi kukukataza. Wewe mama yangu. Lakini isiingie mlangoni kwangu. Wala jani lake, wala harufu yake."

Tukapanda kwa mjane, majira ya baridi yalipoingia. Kulima hakukuwa shida. Miche ilipanda mpaka kifuani kwangu, na majani ya chini yalipoanza kugeuka manjano tukayavuna, tukayatunga kwenye kamba na kuyatundika chini ya kibanda cha makuti. Upepo wa bara ukavuma siku tatu. Siku ya nne majani yote yalikuwa makavu, na yote yalikuwa bado kijani.

Jani la tumbaku linatakiwa kufa taratibu. Likikaushwa kwa pupa linakauka na ukijani wake, na ukijani huo hautoki tena, ufanye utakalo. Bibi alilisugua moja baina ya vidole, likawa unga.

"Mpe mbuzi," alisema, na mjane alipoyatupa, mbuzi wenyewe waliyakataa.

Mwaka wa pili niliyatundika ndani ya ghala la tende la mjane, chumba cha udongo chenye mlango mmoja mdogo, na kila asubuhi nikimwagia sakafu maji ili hewa iwe nzito. Yalichukua mwezi na zaidi, yakatoka rangi ya ngozi ya viatu, laini, bila kuvunjika. Bibi aliyashika akatabasamu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mikono ikitetemeka, kwa hiyo alikaa juu ya kigoda mlangoni akaniamrisha kama alivyokuwa akifanya kwao: yachovye majani majini, yapange kwa zamu, bua huku na ncha kule, funika kwa mkeka, weka mawe juu, na kila siku ya tatu fumua, geuza la ndani liwe nje na la nje liwe ndani.

Nilifuata neno kwa neno. Rundo lilipata joto mara moja, kisha likapoa. Tulilifumua, tukaliona limekauka pembeni, tukaongeza maji. Likapoa zaidi. Siku moja niliingiza mkono katikati ukatoka na utelezi, na nilipolivunja nilikuta ukungu, mweupe juu na mweusi chini, na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya maji.

Bibi hakuhitaji kuona. Alinusa pale pale mlangoni.

"Mkono wangu umekufa," alisema.

Nilimrudisha chumbani karibu kumbeba. Niliporudi kuyafukia yale majani nilikuwa na hasira, na si kwa sababu ya kazi iliyopotea. Mkono wake haukuwa umekufa. Nilikuwa nimemsikiliza miaka miwili, najua kila alilosema na sababu ya kila alilosema. Kosa halikuwa lake. Alikuwa anavundika tumbaku ya Unguja, na sisi tulikuwa Ruwi. Kwao hewa yenyewe ina maji, rundo dogo likifumuliwa halipotezi kitu. Huku kila tulipolifumua lilipoteza joto na unyevu kwa pamoja, na maji tuliyoyatia kufidia ndiyo yaliyoliozesha. Tulikuwa tunaliua kwa kulihudumia.

Mwaka wa tatu nilimwambia nitafanya mimi.

"Utafanyaje?"

"Sitayachovya. Ntayarashia tu, kwa maji yenye asali kidogo ya tende. Rundo ntalifanya kubwa, mara tatu ya lile. Ntalifunga ndani ya makanda ya tende, na makanda ndiyo ntakayoyarowesha kwa nje. Na sitalifumua siku ya tatu."

"Lini?"

"Litakaponambia lenyewe."

"Litaungua," alisema bibi. "Litashika moto ndani, liwe majivu. Nimeona mimi."

"Haliungui."

"Umejuaje, wewe uliyeanza jana?"

Nikalipanga rundo langu kama nilivyosema. Niliogopa kidogo, lakini si sana.

Siku ya tatu alinituma nifumue. Nikakataa. Siku ya tano alikuja mwenyewe akishika ukuta, akakaa mlangoni, na hakutaka kunitazama. Niliingiza mkono mpaka kiwiko. Joto lilikuwa kama la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Niliweza kuuacha mkono humo nikahesabu ishirini kabla ya kuutoa.

"Fumua," alisema.

"Bado, bibi. Kesho au kesho kutwa."

"Nakwambia fumua!"

"Na mimi nakwambia bado."

Sikuwahi kumsemesha hivyo tangu kuzaliwa. Mjane, aliyekuwa akiteka maji, haelewi Kiswahili hata neno moja, lakini aliacha kamba ya kisima akatutazama. Bibi alishika ukuta, akainuka, akaenda zake. Siku ya saba mkono haukukaa mpaka kumi. Ndipo nilipofumua.

Harufu iliyotoka humo ilinitoa machozi. Ni kali, inapanda puani, kama zizi la punda lisilosafishwa. Ndiyo dalili njema. Bibi alikuwa amenieleza hivyo siku nyingi. Lakini kijiji hakikuelezwa. Jioni ile ami alinisubiri uani.

"Watu wanauliza nini kimekufa kwa jirani."

"Hakuna kilichokufa, ami. Itaondoka wiki mbili hizi."

"Nilisema isifike harufu."

"Ulisema isiingie mlangoni. Harufu imepita juu ya ukuta."

Nilidhani atanikemea. Alikaza midomo, akageuka haraka, na nikaona mabega yake yanatikisika. Kumbe alikuwa anacheka, na hakutaka nione.

Nilifumua mara nne kwa jumla, kila mara baada ya kusubiri zaidi. Mara ya pili harufu kali ilipungua. Mara ya tatu niliposogeza pua nilisita: kulikuwa na kitu cha zabibu ndani yake, na cha ngozi mpya. Mara ya nne rundo halikupanda joto tena, hata nilipolirashia. Limemaliza. Majani yalikuwa meusi ya kuelekea wekundu, yananata kidogo, unayakunja na hayakatiki. Niliyasokota kamba nene kama kidole gumba, nikakata kipande.

Bibi alikuwa amelala kwenye ua wa mjane, kwenye kivuli. Nilikuwa nimemtayarishia jani na popoo na chokaa. Akatia mdomoni, akatafuna. Mate yake yakawa mekundu. Akatema vizuri ndani ya kopo, akafuta midomo, akatafuna tena.

"Si ya kwetu," alisema.

Nikaanza kuikunja ile kamba.

"Ya kwetu haina utamu huu nyuma yake. Hii asali ya tende umeitia kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Usibadilishe," alisema. Kisha, baada ya kutema tena, "Na mimi ningelifumua siku ya tatu, likapoa. Haya, lete kipande kingine."

Tangu siku hiyo alasiri zake zote alikuwa kwa mjane, kwa sababu tumbaku haikuruhusiwa kuvuka mlango. Na akila tambuu alisema. Alisema mpaka ulimi ukachoka: nani alimwoa nani, mafuriko ya mwaka gani, jinsi mwanawe wa kwanza alivyokuwa akiogopa kuku. Mjane alimsikiliza kwa heshima bila kuelewa chochote. Siku moja ami alipita kumwita mamaye kwa jambo fulani, akasikia habari ya kuku, akasimama. Kisha akakaa chini juu ya mchanga, nguo zake nyeupe na zote.

"Nilikuwa naogopa jogoo tu," alisema kwa Kiswahili chake cha utotoni. "Kuku sikuogopa."

"Kuku pia," alisema bibi.

Baada ya hapo alikuja kila alasiri. Hakuihalalisha tumbaku, hata kidogo. Kila siku alisema, "Mama, ni haramu," na kila siku bibi akajibu, "Nnajua unavyoona." Lakini siku moja alirudi kutoka Matrah na furushi dogo lililofungwa ndani ya kitambaa kilichorowa. Lilikuwa na majani ya tambuu mabichi, yaliyokuja na meli ya Bambai. Alilitua mbele ya mamaye.

"Jani si tumbaku," alisema. "Jani halina neno."

Akawa anayaleta yeye, kila meli ikifika.

Mwaka 1970 serikali ya Omani ilibadilika, na watu wetu waliotawanyika Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa wakaanza kuingia Maskati makundi kwa makundi. Haikupita miezi mingi wanawake wakawa wanabisha mlango wa mjane wakiuliza kwa Kiswahili wapi kwa yule bibi wa tumbaku. Bibi, ambaye kufika hapo alikuwa haoni ila mwanga, aliwakaribisha wote na kuwaelekeza kwangu. "Mimi najua ya Unguja tu," aliwaambia. "Ya hapa muulizeni huyu." Niliwajibu kila kitu. Sikuficha maji kiasi gani wala asali kiasi gani. Mwenyewe sijawahi kuitafuna. Nilijua kwa pua na kwa mkono, na ilinitosha.

Mwisho wa mwaka ule skuli mpya ya wasichana ilitafuta walimu, nikachukuliwa. Rundo nilimwachia mjane, nikamwonesha msimu mzima, nikamsimamia bega kwa bega. Bibi aliishi miaka minne zaidi akila tumbaku ya mjane huyo, na hakuilalamikia. Ilikuwa nzuri. Ila mjane alikuwa akiifumua mapema mno. Nilimwambia mara nyingi, na hakunisikia.