Barua ya Fundi wa Lusaka

Mama aliyeniajiri alikuwa mjane, na kabla ya magari aliuza samaki. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaanza kuagiza vitu nje, alikodi kiwanja kando ya barabara ya kwenda Ilemela, akakizungushia mabati, akaanza kuuza magari yaliyotumika. Mimi nilikuwa karani wake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilijua kupiga taipu, na Kiingereza changu kilitosha kusoma karatasi za bandarini.

Karatasi hizo, ambazo wauzaji wa nje walianza kututumia kwa barua pepe, ndizo zilizonipeleka kwenye duka la kompyuta mjini. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na laini moja ya simu, na siku nyingine ungesubiri saa nzima mpaka laini ishike. Mwenye duka alinifungulia anwani ya barua pepe, na baadaye akanionyesha kundi la watu wa magari. Walikuwa wauzaji na mafundi wa Mombasa, Durban, Lusaka, Dubai na kwingine nisikokujua. Mmoja akiandika, barua inawafikia wote. Walibishana kuhusu giaboksi, wakaulizana spea, wakaonyana kuhusu matapeli. Nilisoma kila wiki bila kuandika neno. Niliona haya kujitokeza katikati ya mafundi watupu, mimi ambaye sijawahi kushika spana.

Ijumaa moja asubuhi, mvua ikinyesha, nilikuta barua ya fundi wa Lusaka. Aliandika kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele. Kuna mabasi madogo yanayopitia Ghuba, upande wa Dubai, alisema, ambayo usukani wake ulikuwa kushoto na umehamishiwa kulia kwenye karakana za vichochoroni. Shafti ya usukani imekatwa ikaungwa kwa kulehemu. Ile weldi haistahimili barabara mbovu. Gari moja limeua dereva huku kwetu. Kisha akaeleza namna ya kuyatambua: tazama waipa. Usukani wameuhamisha, lakini waipa wameziacha zilivyokuwa, kwa hiyo zinafuta vizuri upande wa abiria na kumwacha dereva na kipande cha kioo kisichofutika.

Siku mbili nyuma tulikuwa tumemkabidhi basi dogo mwalimu mstaafu wa Mara. Alipolijaribu pale yadi kulikuwa na manyunyu, naye aliuliza, "Mbona hizi waipa zinanifutia upande usio wangu?" Mama akamjibu kwamba ndivyo Wajapani walivyolitengeneza. Hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo, na mimi pia.

Nilimwomba mwenye duka anichapie ile barua, nikarudi yadi mbio. Lilikuwa limebaki basi moja lililokuja pamoja na lile la mwalimu. Nilimweleza fundi wetu, Mkerewe mmoja mpole ambaye hakuwa na imani na kompyuta. Alinisikiliza, akafungua kifuniko chini ya dashibodi, akamulika kwa tochi.

"Njoo uone," alisema.

Shafti ilikuwa na uvimbe wa chuma katikati, kama mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, umepakwa rangi nyeusi.

Mama alikuwa ofisini. Nilimsomea barua yote nikiitafsiri.

"Huyo mtu wa Lusaka amewahi kukuona?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Wewe umewahi kumwona?"

"Hapana."

"Halafu unataka niwatangazie watu kwamba Mama fulani anauza majeneza."

Fundi akasema, "Mama, mimi nimeiona kwa macho yangu. Imelehemiwa."

Mama alitazama nje kwenye magari yake. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile. "Mwalimu yuko wapi sasa hivi?"

Nilikumbuka alivyosema kwamba angepumzika Kisesa kwa shemeji yake, kisha Ijumaa aondoke na mkewe kwenda Musoma. Hakukuwa na namba ya kumpigia.

"Chukueni pikapu," Mama alisema. "Na kama ni uzushi, wewe mwanangu usirudi hapa."

Fundi aliendesha, mimi nikishikilia mlango usiofunga vizuri. Kila tulipoona watu wamekusanyika barabarani nilidhani ni ajali, mpaka tuwapite na kukuta ni gulio au watu wanaokinga mvua. Kisesa tulielekezwa nyumba kwa kuuliza dukani. Shemeji yake alitoka akijifuta mikono.

"Wameondoka sasa hivi," alisema. "Hata chai yao haijapoa."

Tukaendelea upande wa Magu. Mvua ilizidi, barabara ikajaa mashimo yenye maji, na mimi nikawa nahesabu madaraja. Baada ya daraja la tatu nililiona lile basi jeupe limesimama pembeni, matairi mawili kwenye majani. Nilidhani limeacha njia. Tulipokaribia nilimwona mwalimu ameketi mzima nyuma ya usukani. Alikuwa amelisimamisha kwa sababu hakuona mbele. Waipa zilikuwa zinamfutia upande wa mkewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmenifuata mpaka huku?"

Nilimweleza, nikijichanganya. Alinisikiliza kama alivyozoea kumsikiliza mwanafunzi aliyechelewa shule. Kisha akasema, taratibu, "Mmepata mteja mwingine. Mnataka gari lenu."

"Hapana, mwalimu."

"Binti, nimefanya kazi miaka yote kupata gari hili. Silitoi kwa karatasi ya kompyuta." Akawasha injini.

Fundi akasimama mbele ya gari, mvua ikimlowesha. Mwalimu akapiga honi, naye hakuondoka. Mkewe ndiye aliyefungua mlango akashuka, kitenge kichwani.

"Mimi sipandi tena mpaka aangalie," alimwambia mumewe. "Kuangalia kunakupunguzia nini?"

Mwalimu alizima injini. Fundi aliinama chini ya dashibodi, akafuta ile shafti kwa kitambaa, akamwita mwalimu aweke kidole. Ya kwake haikuwa na uvimbe tu. Ilikuwa na ufa, na ukucha uliingia.

Mwalimu alirudi nyuma akaketi kwenye ngazi ya mlango. "Nimekuja nalo hivi kutoka mjini," alisema.

Gari tuliliacha kwenye nyumba ya jirani na barabara, tukawarudisha kwa pikapu. Mama alimpa mwalimu gari lingine, na yale mabasi mawili akaamuru yafumuliwe kuwa spea. Mimi hakuniambia asante. Jumatatu aliniambia tu niwe naenda duka la kompyuta kila siku, si mara moja kwa wiki.

Niliitafsiri ile barua kwa Kiswahili, nikachapa nakala, na fundi akazibandika kwenye gereji za Mabatini. Wiki mbili baadaye fundi mmoja alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kutuambia ameona basi kama hilo na amemzuia mwenye gari asiliendeshe. Wengine wakaanza kuja na maswali yao kwenye vikaratasi, wakitaka niwaulizie kwa hao watu wa mbali. Ndipo nikaanza kuandika. Kundi nalo likakua, likapata watu wa Kampala, wa Kigali, wa Arusha, mpaka mwenye duka akalalamika kwamba barua za magari zinamjazia laini.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kumshukuru fundi wa Lusaka. Nilimsimulia habari za mwalimu na mkewe. Alinijibu mimi peke yangu, bila kuwapelekea wengine. Safari hii hakutumia herufi kubwa. Aliandika kwamba yule dereva aliyekufa alikuwa mdogo wake, na kwamba gari lile yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia.

Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimemaliza. Nikaandika pole, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaituma hivyo hivyo.